Programu ya kishikwambi ijaribiwe bila mtandao kabla ya kulipiwa

Ndugu Mhariri,

Sisi waandishi wa programu za simu tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwaambie jambo moja viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, wakuu wa shule na maofisa wa halmashauri za mkoa wetu wa Tabora ambao wananunua vishikwambi au wanapanga kununua. Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 vigawiwe walimu, kifaa hiki kimezoeleka. Kila ofisi sasa inakitaka: mwalimu aingizie alama, karani wa chama cha msingi (AMCOS) aandikishie marobota ya tumbaku, bwana nyuki aorodheshee mizinga. Wakati wa kununua, watu wanauliza betri, kioo na bei. Programu itakayofanya kazi yenyewe haiulizwi kitu. Inaonyeshwa ofisini mjini, Wi-Fi ikiwa imara, mtu mmoja akijaza fomu moja. Inapendeza, inalipiwa. Baadaye inapelekwa Sikonge au Ulyankulu, ndani ya miombo, mahali ambapo mtandao unautafuta kwa kupanda kichuguu, na huko ndiko ubovu wake unakojulikana, fedha zikiwa zimekwisha toka.

Ombi letu ni kwamba programu ijaribiwe kwenye kishikwambi kilekile kitakachotumika, mtandao ukiwa umezimwa, kabla ya malipo ya mwisho. Tunaeleza kwa undani ili mnunuzi ajue anachotafuta, na ili wenzetu wanaoanza kazi hii wajue pa kutazama.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye kitufe cha "Hifadhi". Fomu ikishajazwa, programu inapaswa kuiandika kwanza ndani ya kishikwambi chenyewe. Android ina hifadhidata ya SQLite ndani yake tangu mwanzo, na siku hizi tunaitumia kwa kupitia Room, maktaba ya msimbo ulioandikwa tayari. Programu nyingi tunazoziona zinafanya kinyume: kitufe kikibonyezwa, taarifa inapelekwa moja kwa moja kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayokusanya taarifa zote, mtandao ukikosekana, kiduara kinazunguka weee, unatokea ujumbe mwekundu, na alichoandika karani kimepotea. Anaandika upya. Mara ya tatu anarudi kwenye daftari lake, na hakuna wa kumlaumu.

Kupotea kwa taarifa angalau kunaonekana. Kujirudia ndiko kunakovunja chama. Fikiria karani ameandika robota la kilo 48.5 la mkulima fulani. Kishikwambi kinatuma, seva inapokea na kuandika, lakini mtandao unakatika kabla jibu la "nimepokea" halijarudi. Kishikwambi hakina namna ya kujua kwamba kazi ilifika, kwa hiyo kinatuma tena. Seva iliyoandikwa ovyo inaweka robota la pili. Ghalani kuna robota 1, kwenye kompyuta yapo 2, na siku ya malipo kinachoanza ni mabishano.

Dawa yake inajulikana na haina gharama. Kila taarifa ipewe namba ya utambulisho papo hapo inapozaliwa ndani ya kishikwambi, ile ya UUID yenye biti 128, bila kungoja seva iseme hii ni ya 1 na hii ni ya 2. Kwenye seva, safu ya namba hiyo iwekewe sharti la kutorudiwa. Namba ileile ikija mara ya pili, seva ijibu kwamba ninayo tayari, na jibu hilo lihesabiwe kuwa mafanikio. Hapo wengi wanateleza: sharti wanaliweka, lakini seva inarudisha jibu la kosa, kishikwambi kinadhani hakijafanikiwa, na kinatuma tena na tena hadi bando la mwezi linaisha kwa robota moja.

Kazi ya kutuma ikabidhiwe kwa WorkManager, zana ya Android ya kazi za nyuma ya pazia, ambayo inangoja mtandao urudi na kuendelea hata kifaa kikizimwa na kuwashwa. Ila ijulikane inavyofanya kazi. Jaribio likishindwa, kwa kawaida inangoja sekunde 30, kisha inaongeza muda wa kungoja mara mbili kila inaposhindwa, hadi kikomo cha saa 5. Kishikwambi kilichokaa mchana kutwa mahali penye mtandao wa kudonoadonoa, unaoonekana upo ilhali haupitishi kitu, kinaweza kurudi mjini jioni na bado kikawa kinangoja zamu yake. Kazi ya kujirudia nayo haiwezi kupangiwa muda chini ya dakika 15. Aidha, baadhi ya watengenezaji wa vifaa wameongeza vibana matumizi vya betri vinavyozima kazi za nyuma ya pazia. Kwa hiyo lazima pawepo na kitufe cha "Tuma sasa", na juu ya skrini, mahali pasipofichika, idadi ya taarifa ambazo bado: "Zimebaki 14." Karani akiona 14 anajua asizime kifaa, asikirudishe stoo, na asikubali mtu yeyote aifute programu na kuiweka upya. Kuifuta kunafuta na zile 14.

Maandishi yatangulie, picha zifuate. Fomu ya maandishi ni kilobaiti chache, wakati picha moja ya kamera huweza kufika megabaiti 3. Vikifungwa pamoja kwenye mzigo mmoja, picha inakwama na kuyazuia maandishi.

Picha zina ubaya mwingine ambao mwandishi wa programu anayetumia simu ya bei kubwa hauoni. Kamera ya megapikseli 8 inatoa picha ya pikseli 3264 kwa 2448. Kwenye faili imebanwa, lakini ikifunguliwa ili ionekane kwenye skrini, kila pikseli inachukua baiti 4 za kumbukumbu, yaani karibu megabaiti 32 kwa picha moja. Fungua 5 kwa mpigo na umekula megabaiti 160. Kwenye kishikwambi chenye RAM, yaani hiyo kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 programu inaanguka bila kuaga. Isomwe ikiwa imepunguzwa mara nne kila upande: pikseli 816 kwa 612, karibu megabaiti 2 tu, na kwa macho ya karani haina tofauti. Ya kupeleka kwenye seva ipunguzwe hadi pikseli 1280 upande mrefu.

Habari ya RAM inatuleta kwenye jambo ambalo walimu wanalilalamikia bila kujua chanzo chake. Mwalimu anajaza alama za wanafunzi 45, anafika wa 38, anageuza kishikwambi kutoka wima kwenda ulalo ili aone vizuri, na fomu inakuwa tupu. Kifaa ni kizima kabisa. Android, skrini ikigeuzwa, kwa kawaida huubomoa ukurasa uliopo na kuujenga upya kwa vipimo vipya, na kilichokuwa kimeshikwa na ukurasa peke yake kinaondoka nao. Wengi wanaziba tundu hili kwa ViewModel, sehemu ya programu inayoshika taarifa nje ya ukurasa, ambayo inanusurika skrini ikigeuzwa. Hiyo ni nusu ya dawa. Mwalimu akiiacha programu kidogo akafungua kamera au WhatsApp, na RAM ikawa ndogo, mfumo unaiua programu nzima, ViewModel ikiwa ndani yake. Akirudi, anakuta tupu. Njia ya uhakika ni kuandika rasimu kwenye hifadhidata kila mtu anapotoka kwenye kisanduku kimoja kwenda kingine. Ni uandishi mdogo mno usioweza kumchosha hata processa ya bei nafuu, na alama zote 38 zinabaki salama hata betri ikikata.

Kuna wanaokwepa tatizo hilo kwa kuifunga programu ikae wima tu. Ujanja huo unafika mwisho. Kuanzia Android 16, iliyotoka Juni 2025, programu inayolenga toleo hilo, yaani iliyotangazwa kuandikwa kwa kanuni zake, kwa kawaida haisikilizwi tena ikiomba kufungiwa wima kwenye vioo vipana. Mfumo unaipa skrini nzima. Mwenye vishikwambi vipya atayaona haya mapema kuliko mwenye simu.

Tuje kwenye upana wenyewe. Sisi hatupimi kioo kwa inchi. Tunatumia dp, ambapo dp 1 ni pikseli 1 kwenye kioo chenye pikseli 160 kwa inchi. Unachukua pikseli, unazidisha kwa 160, unagawanya kwa msongamano ambao kifaa kinautangaza. Simu ya pikseli 720 kwa 1600 yenye msongamano wa 320 ina upana wa dp 360. Kishikwambi cha inchi 10.1 chenye pikseli 1280 kwa 800, kikitangaza 160, kina upana wa dp 800 kikisimama na dp 1280 kikilazwa. Fomu iliyochorwa kwa ajili ya simu inavutwa zaidi ya mara tatu na nusu: kisanduku cha jina kinatoka ukingo hadi ukingo, swali liko kushoto kabisa, kitufe cha jibu kiko kulia kabisa, na jicho la karani linasafiri kama treni ya kwenda Kigoma kabla ya kukifikia. Akiwa na wakulima 200 foleni, anachoka, na akichoka anakosea mstari.

Google imetoa mipaka iliyo wazi: chini ya dp 600 ni skrini finyu, kuanzia 600 hadi chini ya 840 ni ya wastani, 840 na kuendelea ni pana. Kwenye iliyo pana, orodha ya wakulima ikae kushoto na taarifa za mkulima aliyechaguliwa kulia, zote zikionekana kwa pamoja. Vitufe visipungue dp 48 kila upande. Si mambo mapya haya. Android 3.0, iliyotoka mwaka 2011 kwa ajili ya vishikwambi, ndiyo iliyoleta utaratibu wa kuugawa ukurasa vipande kwa kazi kama hii, kwa hiyo mtu asikuambie kwamba teknolojia bado changa.

Tahadhari kwa vishikwambi vya inchi 8: vingi navyo vina pikseli 1280 kwa 800, lakini baadhi vinatangaza msongamano wa 213. Fanya hesabu, unapata dp 601. Kimevuka mpaka kwa unywele. Mtumiaji akikuza maonyesho kwenye mipangilio kwa sababu macho yake yamechoka, kinashuka chini ya 600 na programu inarudi kwenye sura ya simu. Hizo sura mbili zote lazima zijaribiwe kwenye kifaa chenyewe. Kishikwambi cha kuigiza ndani ya kompyuta kinatumia nguvu za kompyuta, na kinaficha uzito wote tulioueleza juu.

Wenzetu wanaoanza wasichanganye majina mawili yanayofanana. Ndani ya msimbo wa programu, folda ya values-sw ni ya maneno ya Kiswahili. Ya values-sw600dp ni ya skrini ambayo upande wake mdogo umefika dp 600. Ukikosea, unapata kishikwambi chenye maneno ya Kiswahili na simu yenye Kiingereza, na utatafuta kosa siku nzima.

Na Kiswahili chenyewe kinadai heshima. Programu nyingi zinaunganisha namba na neno moja lisilobadilika, na matokeo yake ni "1 zimehifadhiwa" au "mizinga 1 imeandikwa". Android inaruhusu Kiswahili kiwe na sura ya umoja na ya wingi. Basi kila nomino iandikiwe sentensi zake mbili nzima: "Mzinga 1 umeandikwa", "Mizinga 6 imeandikwa", "Robota 1 limepokelewa", "Marobota 6 yamepokelewa". Usijaribu kuzijenga kwa vipande, ngeli zitakushinda. Saa ndiyo hatari zaidi. Fomu ikiuliza muda na karani akaandika 2:30, anamaanisha saa mbili na nusu asubuhi, ilhali mashine inaelewa usiku wa manane. Mpe achague kwanza asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa kwa hesabu yetu, na programu ijigeuzie yenyewe. Tusichukue pia tarehe ya kifaa kama ushahidi pekee. Kishikwambi kilichozimika wiki nzima bila laini kinaweza kuamka na tarehe isiyo yake. Seva iandike saa yake ya kupokea pembeni ya saa ya kifaa, na tofauti ikizidi siku moja, taarifa iwekewe alama ya kukaguliwa.

Vishikwambi vingi vya bei nafuu ni vya Wi-Fi tu, havina tundu la laini. Hilo lina madhara mawili. Kwanza, namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi haitafika humo, hivyo programu imruhusu mtu aisome kwenye simu yake na kuiandika kwa mkono. Pili, programu ikiomba ruhusa ya kupiga simu au kusoma ujumbe mfupi, Google Play inachukulia kwamba simu ni ya lazima na inaificha programu isionekane kabisa kwenye kishikwambi hicho. Ofisa anatafuta, haioni, anaambiwa kifaa hakifai. Kumbe ni mstari mmoja kwenye manifesti, faili linalotaja mahitaji ya programu: uses-feature ya android.hardware.telephony iandikwe required="false". Kamera ina mtego huohuo.

Kwa wanaotaka kupima mashamba au kuweka alama za mizinga porini, hakikisheni kifaa kina GPS. Vipo visivyo nayo. Na kisipokuwa na intaneti, kikiwashwa baada ya muda mrefu, kitangoja kupokea taarifa za setilaiti kutoka angani. Kalenda nzima ya setilaiti inachukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Kisimamishwe mahali peupe, pasipo majani ya mti juu, na programu ionyeshe usahihi kwa mita badala ya kukubali namba ya kwanza inayotokea.

Sasa jaribio. Halihitaji mtaalamu, linahitaji subira ya nusu saa. Weka kishikwambi kwenye hali ya ndegeni. Jaza fomu 10, mbili ziwe na picha. Katikati ya fomu ya nne, geuza skrini. Katikati ya fomu ya sita, toka, fungua kamera upige picha, fungua na programu nyingine tatu nzito, kisha rudi. Katikati ya nane, zima kifaa kabisa na ukiwashe. Vyote ulivyokwisha andika vinapaswa kuwepo. Idadi ya zilizobaki isome 10. Washa mtandao, subiri sekunde chache, uzime wakati zikiendelea kutumwa, kisha uwashe tena. Nenda kwenye kompyuta ya ofisi uhesabu. Ziwe 10. Zikiwa 9 usilipe. Zikiwa 11 usilipe pia. Rudia ukiwa umekuza maandishi hadi mwisho, uone kama kitufe cha "Hifadhi" bado kinafikika. Anayetaka kubana zaidi afungue mipangilio, aguse namba ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi zitokee, kisha awashe lile la kutohifadhi shughuli. Hapo kila ukurasa unauawa mara tu unapoachwa, na programu dhaifu haimalizi dakika mbili.

Kuhusu vifaa hatutasema mengi. Android ya vifaa vidogo, toleo la Go, kuanzia Android 13 inataka RAM isiyopungua GB 2, na kwa kazi ya kila siku tunashauri GB 4 pamoja na hifadhi ya GB 64. Kila kifaa kiwe na namba ya siri, kwani orodha ya wakulima au wanafunzi ni taarifa binafsi na zinalindwa na sheria ya mwaka 2022.

Linalobaki ni mkataba, na hapa ofisi nyingi zinajifunga zenyewe. Akaunti ya Google Play inalipiwa dola 25 za Marekani mara moja tu. Ifunguliwe kwa jina la chama au halmashauri, na mwandishi apewe ruhusa ya kuingia. Ikiwa ya kwake binafsi, siku akihama au mkikosana, programu inahama naye. Msimbo wote ukabidhiwe, pamoja na ufunguo wa kutia saini programu na nywila yake, vihifadhiwe mahali pawili. Programu inayosambazwa kwa kadi ya kumbukumbu, bila kupitia Google Play, ikipoteza ufunguo huo haiwezi kusasishwa juu ya ile ya zamani. Kishikwambi kitaikataa mpaka ya zamani ifutwe, na zile taarifa 14 ambazo hazijatumwa zinafutika nayo.

Mkataba utaje pia matengenezo ya kila mwaka. Google hupandisha kila mwaka kiwango cha Android ambacho programu lazima ilenge. Kwa mfano, kuanzia 31 Agosti 2025 programu mpya na masasisho yalitakiwa kulenga angalau Android 15. Programu ikiachwa nyuma sana, watu wapya wenye vifaa vya toleo jipya hawataiona sokoni, hata kama waliokuwa nayo wanaendelea kuitumia. Chama kikinunua vishikwambi vipya 20 mwaka wa tatu, kitashangaa programu ya zamani haipatikani. Kazi ya kuisogeza toleo moja mbele, ikifanywa kila mwaka, kwa kawaida ni ya siku chache. Ikiachwa miaka minne, mara nyingi ni nafuu kuandika upya.

Mtu yeyote anayekuja kuuza programu aulizwe maswali haya mbele ya bodi, kishikwambi kikiwa mezani na mtandao ukiwa umezimwa.

Waandishi wa programu za simu,
Tabora.